Taa ya UV ndani ya klima, chujio la hewa, au dirisha: nyumba ya Lubumbashi ichague nini?

Kwa nyumba nyingi za Lubumbashi, pesa ambayo mtu angenunulia taa ya UV (ya mionzi ya urujuanimno, inayoua vijidudu) ya kufunga ndani ya klima, yaani kiyoyozi, ingemfaa zaidi akinunua chujio zuri la hewa na kumlipa fundi aisafishe klima ipasavyo. Nalitanguliza jibu kwa sababu kufunga na kusafisha klima ndiyo kazi yangu, na inaniuma kuona familia ikitoa akiba yake kwa kitu kisichogusa kabisa tatizo iliyo nalo. Lakini nyumba nyingi si nyumba zote. Kuna mahali taa hii inastahili kila faranga, na huko nitafika.

## Kilichomo katika hewa yetu

Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hatuioni. Udongo mwekundu wa barabara za Ruashi, Katuba na Annexe unapanda na kila gari linalopita, unaingia madirishani, unatua juu ya meza iliyofutwa asubuhi ileile. Jioni mbabula (majiko ya makaa) zinawashwa, makala, yaani makaa, yanafuka, huku na kule watu wanachoma majani na takataka. Na kwa kuwa usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, hewa nzito inakaa chini na kuubana moshi katikati ya nyumba mpaka jua la asubuhi lipate nguvu ya kuuinua. Ukitoka nje saa kumi na mbili asubuhi huko kwenye komini za Kenya au Kamalondo, unauona kwa macho, umelala juu ya mabati.

Kisha kuna madini. Mji huu ulianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba, na shaba haichimbwi wala haiyeyushwi bila vumbi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini. Kobalti ilikuwa juu mno kwa watu hao, na watoto ndio waliotia wasiwasi zaidi.

Vumbi, moshi, chembe za metali: hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye uhai. Taa ya UV kazi yake ni kuua chenye uhai. Kobalti haifi. Masizi hayafi. Ukiyamulika usiku kucha kwa taa yenye nguvu kuliko zote, asubuhi yatakuwa palepale, yakielekea kwenye mapafu ya mtoto wako.

Sisemi hatuna vijidudu. Mafua tunayo, surua inarudi mara kwa mara, na Kongo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Ndani ya klima zenyewe kuna kuvu wakati wa mvua. Kwa hiyo taa ina wateja wake halali. Ila kwanza mtu ajue anapigana na nani.

## Taa inaua, haichuji

Mionzi ya urujuanimno inagawanywa kwa urefu wa mawimbi yake. Kundi linaloua vijidudu ni lile la C, kati ya nanomita 200 na 280. Taa nyingi za kazi hii zina mvuke wa zebaki ndani na hutoa mionzi ya nanomita 254. Mionzi hiyo ikimpiga bakteria au ikipiga kirusi inavuruga chembe zake za urithi, asiweze tena kuzaliana, na kijidudu kisichozaliana hakimwambukizi mtu.

Elimu hii ni ya zamani na ni ya kweli. Niels Finsen wa Denmark alipewa tuzo ya Nobel 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Miaka ya 1930 Mmarekani William Wells alifunga taa za UV sehemu ya juu ya madarasa karibu na Philadelphia, na surua ikapungua kasi katika madarasa hayo. Mwenzake Richard Riley, huko Baltimore mwishoni mwa miaka ya 1950, aliichukua hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu akaipeleka kwenye vizimba vya simbilisi. Waliovuta hewa hiyo jinsi ilivyo waliambukizwa. Wale ambao hewa yao ilipitia kwanza kwenye mabomba yenye taa za UV walibaki wazima. Huko Lima, Peru, katika utafiti wa namna hiyo uliochapishwa 2009, taa za juu ya chumba zilishusha maambukizi ya simbilisi kutoka asilimia 35 hadi chini ya asilimia 10.

Wauzaji wanayajua haya, angalau kwa kusikia, na ndiyo wanayoyategemea wanapokwambia kuwa hospitali zinatumia. Ni kweli, zinatumia. Lakini tazama taa hizo zilikuwa wapi: juu ya chumba kizima, zikimulika hewa inayozunguka polepole karibu na dari, au ndani ya mabomba yaliyopangwa tangu mwanzo kwa kazi hiyo. Taa ndogo iliyobanwa ndani ya klima ya ukutani haina nafasi kama hiyo.

Tofauti yenyewe ni muda. Kipimo cha mionzi anachopata kijidudu ni nguvu ya taa mara muda anaokaa mbele yake. Hewa ndani ya bomba la mfumo wa nyumba inaweza kwenda mita 2.5 kwa sekunde. Kama taa inamulika nusu mita ya bomba hilo, kijidudu kinakaa mbele yake kwa moja ya tano ya sekunde, halafu kimekwenda zake. Taa dhaifu haiwezi kufanya mengi katika muda huo. Ni kweli hewa ya chumba huzunguka na kupita tena na tena, kwa hiyo faida inajikusanya kidogokidogo, lakini aliyekaa kando ya mgonjwa anayekohoa ameshaivuta hewa hiyo kabla haijafika kwenye klima.

Sasa chukua kuvu iliyoota juu ya evapureta, yale mapezi ya alumini yanayopoza hewa. Hiyo haisafiri. Inakaa palepale mbele ya taa saa zote, na hata taa ya nguvu ya kawaida inaimaliza. Utafiti uliofanywa katika majengo ya ofisi huko Montreal, Kanada, na kuchapishwa 2003 ulipima jambo hilihili: taa ziliwekwa kumulika mapezi na trei za maji za mfumo wa hewa, zikawashwa na kuzimwa kwa zamu bila wafanyakazi kujua. Vijidudu kwenye sehemu zilizomulikwa vilipungua kwa karibu asilimia 99, na malalamiko ya wafanyakazi kuhusu pua, koo na kifua yakapungua pia, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi.

Basi kazi ambayo taa ya ndani ya klima inaiweza vizuri ni kulinda mapezi na trei yasiote kuvu. Anayekuuzia kwa ahadi kubwa kuliko hiyo, mwombe akuonyeshe vipimo.

## Klima yako ni ya aina gani?

Taa hizi zilitengenezwa hasa kwa nyumba za Marekani na Kanada, ambako mashine moja hupasha joto na kupoza nyumba nzima na hewa hupita katika mabomba ya bati hadi kila chumba. Ndani ya mabomba hayo kuna nafasi: taa inakaa sehemu yenye giza, mbele ya mapezi, ukuta wa chuma kila upande, na macho ya watu hayafiki.

Lubumbashi mifumo hiyo ipo katika baadhi ya hoteli, benki, kliniki na ofisi kubwa. Nyumbani tuna klima za ukutani, kipande kimoja ndani na kingine nje. Ukifungua kifuniko cha kile cha ndani unakuta wavu wa plastiki, mapezi, feni ndefu ya mviringo na trei nyembamba ya maji, vyote vimebanana. Mahali pa taa hakuna. Fundi atakayeifunga kwa nguvu atatoboa plastiki, apitishe nyaya karibu na maji, na mionzi itaanza kula plastiki yenyewe: UV ya kundi la C inaifanya plastiki iwe ya kukauka na kupasuka, hata ganda la nyaya. Kwa klima za ukutani ambazo hazikutengenezwa na taa kiwandani, ushauri wangu ni mmoja. Usifunge.

Zipo zinazotoka kiwandani na vitaa vidogo vya UV karibu na feni. Hizo ni salama zaidi kwa sababu plastiki na nafasi vilipangwa, na zinasaidia feni isiote kuvu. Kama tayari ulikuwa unataka klima hiyo kwa sababu nyingine, sawa. Kuilipia zaidi kwa ajili ya vitaa hivyo peke yake, hapana.

Kuna jambo ambalo wateja wengi hawalijui, na ni muhimu kuliko taa: klima ya ukutani haileti hewa mpya kutoka nje. Inachukua hewa ya chumba, inaipoza, inairudisha. Watu sita wakikaa humo na dirisha limefungwa, wanavuta pumzi za wenzao usiku kucha, baridi na tamu, lakini ni zilezile.

Fikiria pia majira yetu. Kuvu inataka maji. Mapezi hulowa pale tu klima inapopoza hewa yenye unyevu, yaani kuanzia mvua za Novemba hadi Aprili. Septemba na Oktoba, joto linapokuwa kali na klima zinafanya kazi zaidi, hewa bado ni kavu na mapezi hayalowi sana. Juni na Julai, wenye klima za joto na baridi huzigeuza zipashe joto, na wakati huo mapezi ya ndani ni makavu kabisa. Kwa hiyo taa ambayo ungeilipia mwaka mzima ina kazi ya kweli kwa karibu nusu mwaka.

## Kwa upande mmoja na upande wa pili

| | Vumbi na metali | Moshi | Vijidudu hewani | Kuvu ndani ya klima | Matumizi ya umeme |
|---|---|---|---|---|---|
| Taa ya UV kwenye mapezi | Hapana | Hapana | Kidogo | Ndiyo, vizuri | Madogo, na klima lazima iwake |
| Kuosha klima na wavu wake | Sehemu | Hapana | Hapana | Ndiyo | Hakuna |
| Chujio la HEPA (linalonasa chembe ndogo sana) la chumbani | Ndiyo | Chembe ndiyo, harufu kidogo | Ndiyo | Hapana | Madogo |
| Dirisha, saa nzuri | Hutegemea saa | Hutegemea saa | Ndiyo, vizuri | Hapana | Hakuna |
| Taa ya UV ya juu ya chumba | Hapana | Hapana | Ndiyo, vizuri | Hapana | Madogo |

Jedwali halisemi kila kitu. Harufu ya moshi, kwa mfano, inataka makaa maalumu ya kufyonza, na tabaka lake jembamba linalowekwa katika mashine ndogo hujaa mapema.

## Chujio, na kwa nini nalipendelea

Chujio la HEPA hunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, ambazo ndizo ngumu kunaswa. Kubwa kuliko hizo na ndogo kuliko hizo hunaswa hata zaidi. Masizi ya makala yamo, vumbi la barabara limo, chembe zenye kobalti zimo, na matone madogo yanayobeba virusi na bakteria wa kifua kikuu yamo. Halihitaji kuua kitu. Linakishika na kukizuia kisirudi hewani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa cha chembe ndogo za mikromita 2.5 hadi wastani wa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Usiku wa moshi wa Julai hauko hata karibu na hapo, na chujio ndilo pekee katika vifaa hivi linaloweza kukisogeza chumba cha kulala upande huo.

Cha kuangalia dukani si ukubwa wa boksi wala wingi wa taa zinazometameta. Ni kiasi cha hewa safi linachotoa kwa saa, ambacho mtengenezaji huandika kwa mita za ujazo. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari ya mita 3 kina mita za ujazo 48. Ukitaka hewa yake isafishwe mara 5 kwa saa, kiwango ambacho kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilikipendekeza 2023, unahitaji mashine ya mita za ujazo 240 kwa saa. Ile ndogo ya mezani yenye 60 itakupa mara moja na kidogo. Hesabu hii unaweza kuifanya ukiwa dukani kwa simu yako, na muuzaji asiyeijua namba hiyo anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Nunua na chujio la akiba siku hiyohiyo. Mashine nyingi zinakuja kwa njia ya mpaka wa Kasumbalesa au ndani ya mizigo ya wasafiri, na mwaka ukipita unaambiwa saizi hiyo haipo tena. Vumbi letu linajaza chujio haraka kuliko karatasi ya maelekezo inavyosema. Ile sponji au wavu wa mbele, isafishe kila wiki kipindi cha kiangazi. Chujio lenyewe la HEPA haliogeshwi, isipokuwa mtengenezaji ameandika wazi kuwa linaoshwa.

Angalia na umeme wake. Vifaa vilivyonunuliwa Marekani vinataka volti 120, sisi tuna 220. Mashine nzuri ya chumba cha kulala hutumia wati 30 hadi 60, na hapo ndipo chujio linaishinda taa ya ndani ya klima kwa mbali: umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, ukikatika, klima inakufa na taa yake inakufa nayo, lakini betri ndogo na paneli ya sola zinaweza kuliendesha chujio hadi alfajiri. Umeme ukirudi kwa kishindo, kile kifaa kinachowasha taa ya UV ni miongoni mwa vya kwanza kuungua, kwa hiyo aliye nayo aiweke nyuma ya stabilizateri nzuri ya kusawazisha umeme.

Vipo vichujio vyenye taa ya UV ndani yake. Usivilipie zaidi. Kijidudu kilichonaswa ndani ya chujio kimekwisha zuiwa, taa haina la kuongeza.

## Hatari zisizoandikwa kwenye boksi

Ya kwanza ni ozoni. Baadhi ya taa, mbali na nanomita 254, hutoa pia 185, na mionzi hiyo hugeuza oksijeni kuwa ozoni. Ina harufu kali inayokuja baada ya radi, na wauzaji wengine huisifu kuwa ndiyo harufu ya usafi. Inachoma mapafu. Kwa mtu mwenye pumu ni sumu. California inakataza kuuzwa kwa visafisha hewa vya nyumbani vinavyotoa ozoni zaidi ya sehemu 0.050 kwa milioni. Sisi hatuna mkaguzi wa namna hiyo mlangoni, kwa hiyo mkaguzi ni wewe. Tafuta maandishi kwamba taa haitoi ozoni. Mashine zinazojitangaza kuwa zinatengeneza ozoni au zinatumia plazma, ziache hapohapo dukani.

Ya pili ni macho. Mafundi wa kuchomelea vyuma wanayajua maumivu haya: unatazama mwali mchana bila kioo, usiku macho yanawasha na kuuma kana kwamba yamejaa mchanga. Taa ya UV inaleta ugonjwa uleule, na ngozi nayo inaungua. Taa yoyote ya kundi la C isiwake palipo na mtu anayeiona. Kifuniko kikifunguliwa lazima kuwe na swichi inayoizima yenyewe.

Ya tatu ni taa bandia. Mwanga wa zambarau unaopendeza machoni mara nyingi ni wa nanomita 395 au 405, na hauna uwezo wa ile ya 254. Kama boksi halina namba ya nanomita, huenda umeuziwa taa ya mapambo. Taa mpya za nanomita 222 zinazosemwa kuwa salama zaidi kwa watu zipo duniani, ila bei yake bado si ya nyumba ya kawaida.

Na kuna moja inayozidi zote, ninayotaka kila mzazi anayesoma hapa aishike. Mbabula ya makala iliyoingizwa ndani usiku wa baridi hutoa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, inaua watu usingizini. Taa ya UV haiigusi. Chujio la HEPA haliigusi. Klima inaizungusha tu. Hakuna kifaa katika ulinganisho huu kinachokukinga nayo, hata kimoja. Mbabula ikae nje, hata makala yakiwa yameshika vizuri na moshi umekwisha, kwa sababu hapo ndipo watu wanapodanganyika.

## Kuosha, kazi isiyo na matangazo

Wiki za mwisho wa Oktoba huwa nafungua klima ambazo hazijaguswa tangu mvua zilizopita. Wavu umeziba mpaka vumbi linavuliwa kwa mkono kama kitambaa. Nyuma yake feni ina madoa meusi ya kuvu kwenye kila ubao wake mdogo, na ndani ya trei kuna utelezi wa kijivu uliokwishaziba bomba la kutolea maji. Ndiyo maana maji yanamwagika ukutani. Mama mwenye nyumba mmoja, huko Bel-Air, aliniuliza nikiwa bado juu ya ngazi: "Fundi, nikiweka ile taa ya bluu, harufu hii itaisha?" Nikamwambia, "Mama, taa inamulika kilicho mbele yake. Utelezi huu uko chini, feni iko nyuma. Tuoshe kwanza." Tulioshea uani, maji yakatoka meusi, na harufu ikaisha siku hiyo.

Wavu wa mbele unautoa mwenyewe, unauosha kwa maji na sabuni ya kawaida, unaukausha kivulini. Kiangazi, kila baada ya wiki mbili. Mapezi, feni na trei mwachie fundi, mara moja kabla ya mvua na mara moja zikiisha. Kabla ya kuzima klima msimu wa mvua, iache feni peke yake izunguke dakika kumi au kumi na tano bila kupoza, mapezi yakauke. Klima nyingi zina kitufe cha kazi hiyo kwenye rimoti na hakuna anayekibonyeza.

## Nani achukue nini

Nyumba isiyo na klima, na hizo ndizo nyingi, isinunue taa ya UV ya aina yoyote. Pikia nje au kwenye kibanda chenye upenyo, futa sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia vumbi lipande, fungua madirisha ya pande mbili kuanzia moshi wa asubuhi unapoinuka hadi kabla ya mbabula za jioni, na funga usiku ule ambao jirani anachoma takataka. Pesa ikipatikana, inunue chujio la chumba anacholala mtoto au mzee mwenye kifua kibaya.

Nyumba yenye klima za ukutani: osha, kausha, chujio chumbani. Kwa mwenye pumu, chujio litangulie hata klima yenyewe.

Nyumba yenye mgonjwa wa kifua kikuu inahitaji dawa kwanza. Zinatolewa bure katika vituo vya afya, na mgonjwa anayezimeza vizuri hupungukiwa haraka na uwezo wa kuambukiza. Wiki hizo za mwanzo alale chumba chake, dirisha wazi mchana na, blanketi zikitosha, usiku pia. Msidanganyike kuwa taa ndani ya klima itawalinda wanaolala naye chumba kimoja.

Kliniki, shule ya bweni, chumba cha kungojea chenye watu wengi: hapo taa za juu ya chumba ni uamuzi wa busara kabisa, mradi dari iwe ndefu, feni izungushe hewa, na mtaalamu apime kwa kifaa kwamba mionzi haishuki kwenye usawa wa macho. Hii ni kazi ya kupimwa, si ya kukisia.

Hoteli au ofisi yenye mabomba ya hewa ndiyo mteja halisi wa taa ya kwenye mapezi. Aitumie pamoja na chujio la daraja zuri ndani ya mfumo, baada ya kuhakikisha kuwa feni ina nguvu ya kulisukumia hewa. Taa ifutwe kwa kitambaa chenye spiriti, kwa sababu vumbi likiikalia mionzi haitoki, na isishikwe kwa vidole vitupu. Taa nyingi za zebaki huhesabiwa saa 9,000, takriban mwaka mmoja wa kuwaka mfululizo. Baada ya hapo mwanga wake wa bluu bado unaonekana lakini nguvu ya kuua imeshuka, kwa hiyo fundi aandike kwa kalamu ya wino mzito, juu ya kifuniko, tarehe aliyoiwasha. Ile iliyotolewa isitupwe pipani wala isivunjwe: ina zebaki. Irudishwe ndani ya boksi lake na ikabidhiwe kwa aliyeuza mpya, jambo la kukubaliana naye kabla ya kumlipa.